Hewa Kwanza, Msimbo Baadaye

Najua nimepotea kwa wiki kadhaa, na wachache wenu mmeniandikia barua pepe mkiuliza kama nimechoka kuandika. Sijachoka. Nilikuwa nahangaika na hema. Si hema la kupigia kambi, ni lile la kuoteshea mimea ndani ya nyumba: fremu ya vyuma vyembamba iliyovikwa kitambaa kizito cheusi, upande wa ndani unang'aa kama kioo ili mwanga usipotee, na juu yake unaning'iniza taa ya LED. Langu lina sentimita 80 kwa 80, na urefu wa sentimita 160. Ukizidisha utapata mita moja ya ujazo na chenji kidogo. Kumbukeni hiyo mita moja, tutarudi kwake.

Kuna swali ambalo nishaulizwa na kila mtu aliyeingia kwangu: jua lote hili la Kenya, hema la nini? Jibu ni kwamba jua lipo Kenya lakini kwangu halipo. Dirisha langu linatazama ukuta wa ghorofa la jirani, umbali wa mita moja na nusu. Wenzangu mnaokaa Roysambu, Zimmerman au Pipeline mnajua ninachosema. Saa sita mchana nawasha taa ndio nisome. Mama yangu huko Machakos alitaka miche ya pilipili hoho ya kupanda mvua za masika zikianza, mbegu za kisasa ni ghali, na mimi nikasema niachie hiyo kazi, nitakuotesha miche 400 bila kupoteza hata mmoja. Nina shahada ya kompyuta, miche itanishinda?

Basi leo nataka kutoa maoni yangu, na najua kuna wenzangu katika kazi hii hawatayapenda. Maoni yenyewe ni haya: sisi waandishi wa programu tukipewa hema kama hili tunaanzia upande usiofaa. Tunaanza na vihisi, na grafu, na kuona nyuzi joto kwenye simu, halafu hewa tunaikumbuka mwishoni. Ilhali hema lote ni suala la hewa. Msimbo ni pambo.

Nasema hivyo kwa sababu mimi mwenyewe nilianzia huko huko. Kabla sijanunua feni ya maana nilikuwa nimeshanunua bodi ya ESP32, vihisi viwili vya DHT22, relei nne na skrini ndogo. Wikendi mbili nzima niliandika msimbo. Joto likipita nyuzi 28 feni inawaka, likishuka hadi 25 inazima. Hizo nyuzi tatu za katikati ni muhimu, ukiweka kiwango kimoja tu relei itawaka na kuzima kama kindumbwendumbwe cha watoto hadi ichoke. Kila dakika moja vipimo vilikwenda kwenye seva yangu, na grafu zilikuwa nzuri kweli, nilizionyesha watu ofisini. Mistari karibu 600 ya msimbo.

Halafu siku moja, kwa udadisi tu, nikachukua vipimo vya wiki tatu nikavipanga. Nilitaka kujua feni ilikuwa inawaka kwa saa ngapi kwa siku. Nikakuta kwamba feni iliwaka muda wote ambao taa iliwaka, na ilizima muda wote ambao taa ilizima. Hakuna siku hata moja ambapo taa ilikuwa imewaka na feni ikapumzika. Yaani mistari yangu 600 ilikuwa inafanya kazi ya waya mmoja. Ningechomeka feni na taa kwenye plagi moja, matokeo yangekuwa yale yale.

Ningekubali kushindwa hapo ningekuwa nimepata somo kwa bei rahisi. Sikukubali. Nikaongeza vitu zaidi. Nikataka bodi ijue saa ili iweze kubadilisha kiwango cha joto usiku na mchana. Sasa, ESP32 ikizimika umeme inasahau saa, haina betri ya kuitunzia. Kwa hivyo nikaandika kwamba ikiwaka, jambo la kwanza iunganishwe na waifai, iulize saa kwenye mtandao, na ikishapata jibu ndipo ianze kazi. Wale mnaoandika programu mshaliona kaburi langu hapo.

Ilikuwa Jumamosi mwishoni mwa Februari, miezi ambayo Nairobi huwa na joto kuliko kawaida yake. Mimi nilikuwa Nakuru kwenye harusi. Asubuhi umeme ukapotea katika ploti yetu, ukarudi baada ya nusu saa hivi. Umeme ulirudi lakini intaneti haikurudi, ilikaa hadi jioni. Taa ilikuwa kwenye saa yake ya plagi, ile ya kuzungusha kwa mkono, hivyo ikawaka kama kawaida. Bodi nayo ikawaka, ikaunganishwa na ruta, ikauliza saa, ikasubiri jibu. Ikasubiri. Relei haikupewa amri yoyote, na relei isiyopewa amri inaacha feni ikiwa imezima. Mchana kutwa taa ilipiga ndani ya mfuko uliofungwa zipu, na mimi niko Nakuru nakula pilau. Nilitazama grafu kwenye simu nikaona hazisongi, nikajiambia ah, ni mtandao tu.

Niliporudi Jumapili kipimajoto cha kawaida nilichokuwa nimekitundika ndani, kile kinachokumbuka kiwango cha juu, kilionyesha 42. Vijitundu vya trei vina udongo kidogo sana, kiasi cha kijiko, na ulikuwa umekauka ukaachana na kingo. Kati ya miche 400 ilibaki 61.

Nilimpigia mama simu. Nikamweleza habari ya seva ya saa, nikamweleza relei. Alinisikiliza hadi mwisho, maana ni mtu wa subira, kisha akauliza, "Mwanangu, kwani hapo kwako hakuna dirisha?"

Sasa turudi kwenye ile mita moja ya ujazo, maana nilipotulia nilifanya hesabu ambayo nilipaswa kuifanya siku ya kwanza, na inatosha nyuma ya bahasha. Taa yangu inakula wati 150. Karibu zote zinaishia kuwa joto ndani ya hema. Hata ile sehemu inayotoka kama mwanga, ikigonga jani au ukuta inageuka joto, na kile mmea unachokihifadhi kama sukari ni kidogo mno. Wati 150 ni juli 150 kila sekunde, kwa dakika moja ni juli 9,000. Upande wa pili, hapa Nairobi tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari na hewa ni nyepesi, mita moja ya ujazo ina uzito wa karibu kilo moja. Kilo moja ya hewa inahitaji juli 1,000 hivi ili ipande nyuzi moja. Mtandaoni utasoma kila mahali kwamba feni inatosha ikiwa inabadilisha hewa yote ya hema mara moja kwa dakika. Haya, tuikubali. Kwa dakika moja kilo moja ya hewa inapita, inabeba juli 9,000, inapanda nyuzi 9. Chumba kikiwa na nyuzi 27, ndani una 36. Hiyo ndiyo kanuni ya mtandaoni, na ukiangalia vizuri haijauliza hata taa yako ni ya wati ngapi.

Ukitaka ndani pazidi chumba kwa nyuzi 3 tu, unahitaji mita tatu za ujazo kwa dakika, yaani 180 kwa saa. Hakuna msimbo unaoweza kubadilisha hilo. Na tukiwa tunazungumzia hilo, feni ile ile ikiwa Mombasa ingebeba joto zaidi kidogo kwa kila mzunguko, kwa sababu kule hewa ni nzito, karibu kilo 1.2 kwa mita ya ujazo. Sijui ni wangapi wanaofikiria hilo wanapofuata maelekezo yaliyoandikwa na mtu wa nchi iliyo usawa wa bahari.

Boksi la feni yangu, ya kipenyo cha milimita 100, lilisema mita 190 kwa saa. Nikafurahi, nimepita 180. Lakini namba hiyo ni ya feni ikiwa peke yake mezani, haina bomba wala kichujio. Nilitaka kujua ukweli na sikuwa na kipimo cha upepo, hivyo nikachukua mfuko wa nailoni ambao godoro langu lilikuja nao, futi 4 kwa 6 na unene wa inchi 8, kama lita 450. Nikaukunja hewa yote ikatoka, nikaufunga kwenye mdomo wa bomba, nikawasha feni na kuhesabu. Ulijaa kwa sekunde 17. Piga hesabu: mita 95 kwa saa. Nusu ya feni yangu ilikuwa inapotelea njiani. Bomba lilikuwa la mita tatu, lile la kukunjika kama akodiani, halikuvutwa likanyooka, na lilikuwa na kona mbili kali. Hesabu ilisema nitazidi chumba kwa nyuzi 6, kipimajoto kikasema 5, kwa sababu ukuta wa hema nao hupitisha joto kidogo. Nikalikata bomba likabaki mita moja, nikalivuta likanyooka, kona nikaacha moja iliyolegea. Mfuko ukajaa kwa sekunde 12. Tofauti ikashuka hadi tatu na nusu. Kisu cha jikoni na dakika kumi. Wikendi zangu mbili za msimbo hazikuwahi kushusha hata nusu nyuzi.

Jambo jingine ambalo grafu zangu hazikuniambia ni hewa inakokwenda. Kwa miezi miwili feni yangu ilikuwa inatoa hewa moto kutoka kwenye hema na kuimwaga katika chumba hicho hicho, ambacho hema linavutia hewa yake. Ni sawa na kuhamisha maji kutoka ndoo hii hadi ile na kuirudisha. Jioni chumba kilikuwa na nyuzi 31 na mimi nalaumu hali ya anga. Feni haiwezi kushusha joto la hema chini ya joto la chumba, haijalishi umeiandikia nini. Kwa hivyo hewa lazima itoke nje kabisa, na hewa nyingine iingie kutoka upande mwingine, iwe ni dirisha la sebuleni au upenyo chini ya mlango. Tundu la kuingizia hewa chini ya hema liwe pana kuliko la kutolea juu, hata mara mbili, la sivyo feni inavuta kupitia mrija. Dalili nzuri ni kuta za hema kubonyea ndani kidogo. Zikibonyea sana fungua tundu jingine. Zikifura nje, umeweka feni kinyume, unapuliza ndani, na kila harufu itatoka kwenye kila mshono.

Na sasa harufu. Hapa ndipo nilipokaribia kufukuzwa.

Hii ilitokea kabla ya ile Jumamosi. Miche ilikuwa imeanza kupauka, nikaamua kuipa mbolea ya maji: samadi ya kuku niliyoiloweka kwenye debe kwa siku kadhaa. Wanaoijua wanacheka tayari. Nikasema si tatizo, nitanunua kichujio cha kaboni, kile chenye umbo la mtungi kinachofungwa kwenye feni. Kila mtu mtandaoni anakisifu. Nikakifunga, bomba nikalipitisha kwenye dirisha dogo la jikoni linalotazama lile shimo la mwanga lililo katikati ya jengo. Mnajua muundo wa ploti zetu. Madirisha ya jikoni na ya choo ya nyumba zote yanatazama kwenye shimo moja. Kumbe nilikuwa nimejenga mfumo wa kusambaza harufu ya samadi kwa orofa sita kwa ufanisi mkubwa.

Siku ya tatu, saa tatu usiku, mlango ukagongwa. Ni msimamizi wa ploti na baba mmoja wa orofa ya juu. Mlango wa chumba ulikuwa wazi, na taa niliyokuwa nayo wakati huo ilikuwa na mwanga wa zambarau unaochungulia kwenye zipu, na feni inavuma.

"Kijana," msimamizi akaniambia taratibu, "mimi sitaki maneno mengi. Fungua hicho kitu tuone."

Nikajua anachofikiria. Vifaa hivi vyote, hema, taa, kichujio, maelekezo yake mengi huko nje yameandikwa na watu wanaootesha bangi katika nchi na majimbo wanakoruhusiwa. Hapa kwetu sheria ya mwaka 1994 ya dawa za kulevya bado inaikataza. Nikafungua zipu. Wakaangalia trei mbili za miche iliyokuwa na urefu wa kidole. Yule baba akainama, akalipinda jani moja akalinusa, akasema, "Hii ni hoho." Kisha akanigeukia, "Sasa ni nini inanuka hivyo?" Nikawaonyesha debe. Msimamizi alinipa hadi asubuhi kulitoa.

Nilichojifunza baadaye ni hiki, na natamani ningekisoma mahali kabla ya kutoa pesa. Kaboni ya kichujio si uchawi. Ni mkaa uliotobolewa vijitundu vidogo mno kwa joto na mvuke hadi gramu moja ina eneo la zaidi ya mita 500 za mraba ndani yake, na molekuli za harufu zinanasa kwenye kuta za vijitundu hivyo. Inanasa vizuri molekuli kubwa kubwa zenye mafuta, kama harufu ya mrehani, ya majani ya nyanya, na ndiyo, ya bangi. Lakini samadi ya kuku inanuka kwa sababu ya amonia, na amonia ni molekuli ndogo ambayo kaboni ya kawaida haiishiki vizuri. Kichujio kilichotengenezwa kwa harufu ya mmea mmoja, mimi nilikipa harufu ya banda la kuku. Isitoshe, hewa ikiwa na unyevu mwingi, kupita asilimia 70 na kitu hivi, maji yanaanza kugombania vile vijitundu na nguvu ya kichujio inashuka. Hema langu usiku lilikuwa linapita hapo kila siku. Na kichujio kinachelewesha upepo, mmeshaona habari ya mfuko wa godoro. Kwa hiyo nilikuwa nimelipia kitu kinachonipunguzia hewa bila kuniondolea harufu.

Kuna walioniambia niweke makaa ya jikoni kwenye soksi. Makaa ya kawaida hayana vijitundu vya kutosha, utachafua mikono tu. Kuna wanaouza mashine za ozoni za kuua harufu. Hizo kaeni mbali nazo, ozoni inaumiza mapafu na mnalala kwenye nyumba hiyo hiyo. Na kupuliza manukato ya chooni juu ya samadi kunakupa samadi yenye manukato. Dawa ya harufu ilikuwa kutoa debe. Nikahamia mbolea ya madini ya kuyeyusha kwenye maji, haina harufu, na kichujio nikakifungua nikakiweka chini ya kitanda. Bomba nikalihamishia dirisha la chumbani, linalotazama ule ukuta wa jirani usiokuwa na dirisha. Tangu hapo hakuna aliyegonga.

Harufu moja ilibaki, ile ya uvundo kama ya nguo zilizokaa kwenye ndoo, na hiyo ilinifikisha kwenye kosa langu la mwisho. Mnakumbuka feni ilikuwa inazima usiku kwa sababu joto limeshuka. Jioni taa inapozima, hewa ya ndani ina nyuzi 26 na unyevu wa asilimia 60, mambo mazuri kabisa. Hewa hiyo hiyo ikipoa hadi nyuzi 19 bila kubadilishwa, maji yaliyomo ni yale yale lakini hewa baridi inabeba maji kidogo, kwa hiyo unyevu unapanda hadi karibu asilimia 92. Na hapo sijahesabu maji yanayotoka kwenye udongo. Kinyausi hakihitaji mwaliko mwingine. Shina la mche linalainika pale pale juu ya udongo, linapinda, asubuhi umelala. Nilikuwa nimeshapoteza kadhaa hivyo na nikadhani ni mbegu mbaya. Msimbo wangu ulikuwa unapima unyevu kwa usahihi, unauandika, unauchora kwa rangi ya buluu, na wakati huo huo umeizima feni.

Mtu ataniambia feni inakula umeme ikiwaka usiku. Yangu ni ya wati 28. Saa 24 ni uniti 0.67. Taa kwa saa 14 ni uniti 2.1. Ukizima feni zile saa kumi za usiku unaokoa uniti 0.28. Hapo hata tokeni haitaona.

Sisemi vihisi ni upuuzi. Ningekuwa Limuru mwezi wa Julai, feni inayovuta hewa baridi usiku kucha ingeumiza pilipili, na hapo kuna kazi ya kuipunguza kasi. Ingawa hata huko ningeanza kwa kubadilisha saa za taa: iwake usiku, izime mchana, ili iwe ndiyo jiko. Rafiki yangu wa Mombasa anafanya hivyo hivyo kwa sababu iliyo kinyume kabisa. Kule mchana wa Machi chumba chenyewe kina nyuzi 32, hakuna feni ya kumsaidia, kwa hiyo anawasha taa usiku hewa inapokuwa na nafuu, na taa yake ni ya wati 80 tu. Saa ya plagi ya kuzungusha kwa mkono inatosha kwa wote wawili. Na kama mnapunguza kasi ya feni, nunueni ile yenye kidhibiti chake. Msitumie swichi ya kupunguzia mwanga wa taa, mota ya kawaida italia na kuchemka.

Ninachokataa ni kuuweka msimbo kati ya mmea na hewa. Wauzaji wa vifaa vya kilimo mahiri wanatuuzia skrini inayoonyesha nyuzi 36 kwa rangi nyekundu, na sisi tunanunua, maana skrini tunaijua. Lakini kuonyeshwa 36 na kuondoa 36 ni vitu viwili. Na kama ni lazima programu iguse feni, basi bodi ikifa feni iendelee kuwaka. Relei ina migusano ya pande mbili, mmoja unabaki umeunganishwa pale relei inapokosa umeme. Unganisha feni huko, ili amri ya programu iwe ni ya kuzima, si ya kuwasha. Kubadilisha waya huo kulinichukua dakika tano, na kungeokoa miche 339. Shuleni tulifundishwa mengi kuhusu mifumo inayoharibika kwa usalama, nikapata alama nzuri kabisa kwenye mtihani huo.

Hivi sasa feni yangu imechomekwa moja kwa moja ukutani, inazunguka usiku na mchana. Taa inapita kwenye saa ya plagi, na baada ya saa kuna swichi ya joto ya kimakanika, haina intaneti, haina chochote, vipande viwili vya madini vinavyopinda vikichemka. Ikifika nyuzi 34 taa inazima. Niliijaribu kwa kuzima feni makusudi na kukaa hapo na kitabu. Ilikata ilipofika 35, si mbaya. ESP32 bado imo ndani. Inaandika joto na unyevu kila dakika tano na haijaunganishwa na kitu kingine chochote.

Mama alinunua miche mingine kwa mtu wa kitalu karibu na soko, na mvua ziliponyesha akapanda yote kwa siku moja. Ile 61 yangu niliipeleka mwenyewe kwa matatu, nimeipakata. Ameipanda kwenye mstari wake pembeni na kuchomeka kijiti ili asiichanganye na ile ya kitalu.

Wiki ijayo nitaweka picha za bomba, kabla na baada ya kisu.